Omleti ya Msafiri: Fani na Maudhui

Ukitaka kujua hoteli inamheshimu vipi mgeni wake, usisome ubao wa bei pale mapokezini. Mashuka nayo usiyaamini sana, maana yalitandikwa kabla hujafika na aliyeyatandika hakukujua. Subiri kukuche, uagize mayai. Hapo ndipo mtu anapotakiwa kukutengenezea kitu wewe, kwa mikono yake, asubuhi ile ile, na matokeo yake yanaletwa mbele yako yakiwa bado yanafuka. Au hayafuki.

Ndugu msomaji, najua ukurasa huu umezoea vitabu. Hapa tumechambua riwaya, tumerushiana maneno juu ya mashairi yenye vina na yasiyo na vina, na yupo mshikaji mmoja ambaye tangu mzozo ule tukikutana stendi anageuka kutazama mabasi. Leo naomba nafasi nihakiki omleti. Sitanii. Sekondari tulifundishwa kwamba kazi ya sanaa ina pande mbili, maudhui na fani: kinachosemwa, na namna kinavyosemwa. Tukachora mstari katikati ya karatasi ya mtihani, huku maudhui, huku fani, tukapata maksi zetu tukaondoka. Sijaona mahali ambapo mstari ule unaonekana wa bandia kama kwenye sahani ya mayai.

Kazi inayonilisha ni kusindikiza mizigo ya madaftari kutoka Dar es Salaam kwenda kwenye maduka ya mikoani. Njia yangu ni barabara kuu ya TANZAM: Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, hadi Mbeya, kama kilomita 830 hivi. Usiku naandika riwaya yangu gesti, asubuhi nakula omleti. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika kila omleti katika daftari moja la sampuli lisilouzika. Nina safu za mahali, saa, kavu au laini, kitunguu kibichi au kilichoiva, na safu ya mwisho: nilimwona aliyepika? Ile safu ya mwisho niliichora bila kufikiri sana. Ndiyo iliyonipa makala haya.

Tuanze na majina. Neno "hoteli" kwetu lina ukarimu wa ajabu. Jengo la ghorofa kumi lenye lifti ni hoteli, na kibanda chenye benchi mbili na chupa ya chai, kisicho na kitanda hata kimoja, nacho ni hoteli. Nitahakiki zote mbili. Omleti yenyewe ina jina lake la Kiswahili ambalo mitaani tumelitelekeza. Kamusi zinaiita kiwanda, kiwanda cha mayai, na wengine husema kimanda. Jaribu kuagiza kiwanda Morogoro uone. Mhudumu atakuelekeza njia ya Kihonda. Lakini kaa na neno hilo kidogo. Kiwanda ni mahali vitu vinapotengenezwa kwa wingi, vyote sawa, na asiyemjua mnunuzi. Nakuja huko.

MAUDHUI

Kilichomo ndani ya omleti ni mayai kwanza. Abiria wengi wakiona omleti imepauka hulalamika kwamba mayai ni ya kisasa, hayana nguvu, wangepata ya kienyeji, ya kuku wa Singida. Hapa mhakiki awe mwangalifu. Rangi ya kiini hutokana na chakula cha kuku. Akila majani mabichi au mahindi ya njano, kiini hukolea. Akila chakula kilichosagwa kwa mahindi meupe, ambayo ndiyo mahindi yetu, kiini hupauka. Kupauka hakuna maana kwamba yai ni bovu, kama ambavyo jalada lililochujuka halina maana kwamba riwaya ni mbovu. Yai la zamani utalijua kwa ute wake: unatawanyika kama maji badala ya kukaa pamoja.

Baada ya mayai vinakuja kitunguu, nyanya, pengine pilipili hoho. Kwa barabara yangu hii ni utajiri. Ukishapanda milima ya Kitonga unafika Ilula, na kando ya lami kuna nyanya na vitunguu vimepangwa kwenye ndoo na mifuko kama askari wa gwaride. Maudhui yapo, bwana. Mtu wa barabara hii akikupa omleti mbaya hana wa kumsingizia.

FANI

Yai lina tabia ambayo mpishi hawezi kubishana nayo. Ute huanza kuganda joto likifika kama nyuzi 60 za Selisiasi, na kiini hufuata kwenye nyuzi 65 hadi 70. Hapo yai limeiva, laini, limeshika maji yake ndani. Ukizidisha moto, protini zake hukazana na kuyakamua yale maji nje, kama unavyokamua nguo. Ndiyo maana omleti iliyopitiliza huwa ngumu kama ndala na bado chini ya sahani kuna maji. Watu hushangaa, kavu halafu ina maji? Ni maji yake yenyewe.

Kwa hiyo omleti ni kazi ya dakika mbili hivi, lakini ni dakika ambazo mpishi hawezi kuondoka. Kitunguu kitangulie kwenye mafuta mpaka kilainike, kwa sababu mayai yataiva upesi kuliko chenyewe na utabaki unatafuna kitunguu kibichi. Nyanya itolewe mbegu na maji, au nayo ikaangwe kidogo ikauke. Mayai yapigwe na chumvi mpaka ute usining'inie kwenye uma. Mafuta yashike moto bila kutoa moshi. Kisha kikaango kitikiswe, kingo zivutwe kuja katikati, na omleti itolewe juu ikiwa bado na unyevu, maana joto lake lenyewe litaimalizia njiani kuja mezani. Ukisubiri iive kabisa jikoni, mezani itafika imepitiliza.

Umeona mstari wa katikati ulivyopotea? Kitunguu ni maudhui. Kitunguu kutangulia ni fani. Lakini mlaji hali vitu viwili. Kitunguu kilichotangulia kina utamu, kilichochelewa kina ukali, na hiyo ni tofauti ya maudhui iliyoletwa na fani tupu.

YA GESTI

Sasa twende kwenye sahani zenyewe. Chukua gesti za daraja la kati, zile za shilingi 25,000 au 30,000, ambazo ubao wake unajivunia "bei ni pamoja na kifungua kinywa". Msafiri wa basi hulala pale ili awahi gari la saa kumi na mbili alfajiri. Na chai, jamani, inaanza saa moja. Mazungumzo haya nimeyafanya katika miji mitatu, maneno yakifanana kana kwamba wamekariri:

"Dada, mimi naondoka saa kumi na moja na nusu. Mayai yangu inakuwaje?"

"Kaka, chai ni saa moja."

"Basi nipunguzie bei."

"Haipungui kaka, ni pamoja na chai."

Kwa hiyo msafiri huyu, ambaye kwa ajili yake gesti ilijengwa karibu na stendi, analipia omleti ambayo hataiona. Nimejiuliza mara nyingi ni omleti ngapi za namna hii zinalipiwa kila mwaka kutoka Dar hadi Tunduma. Omleti hewa, kama wafanyakazi hewa.

Na siku ambayo huna haraka ukaketi kula, unaletewa nini? Mayai ya wageni wote yamekaangwa kwa mkupuo mmoja, yakakunjwa, yakafunikwa ndani ya hotpoti. Mle ndani yanaendelea kuiva kwa joto lao wenyewe. Yanatoa jasho. Yakikaa sana yanaota ile rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, ambayo ni salfa ya ute imekutana na chuma cha kiini. Haidhuru mwili, lakini inavunja moyo. Kitunguu kibichi. Nyanya imetoa mchuzi. Ukiuliza mpishi yuko wapi, ameshakwenda sokoni. Katika daftari langu, safu ya mwisho ya omleti za gesti karibu zote imeandikwa "hapana". Sikumwona naye hakuniona. Hapo ndipo kiwanda cha mayai kilipogeuka kiwanda kweli.

Mwenye gesti atajitetea kwamba wageni ni wengi, wanapita tu, kila mtu na saa yake, utampikiaje mmoja mmoja? Swali halali. Lakini lilishajibiwa. Mwaka 1888, huko Mont-Saint-Michel nchini Ufaransa, Annette Poulard na mumewe walifungua nyumba ya wageni. Pale ni mahali pa hija, penye bahari inayopwa na kujaa kwa nguvu, na wageni walifika saa zisizotabirika, wamechoka, wana njaa. Huyu mama aliwapigia omleti juu ya moto wa kuni, kila mtu akifika na yake, na jina lake likatoka kisiwani likazunguka dunia. Watu wakaanza kubuni siri: anatia hiki, anatia kile. Mwaka 1922 aliulizwa kwa barua, akajibu kwa maneno machache kabisa: mayai mazuri, yapigwe vizuri, siagi nzuri, kikaango kitikiswe bila kuacha. Mwandishi wa mapishi wa Uingereza, Elizabeth David, aliisimulia habari hiyo, na mkusanyo wake wa makala wa mwaka 1984 umebeba omleti hadi kwenye jina la kitabu. Siri haikuwepo. Alikuwepo mtu jikoni mgeni anapoingia.

YA GHOROFANI

Msije mkadhani naelekea kule kwa kawaida, kwamba cha maskini ni kitamu na cha tajiri ni kibaya. Hiyo dhamira tumeichosha.

Mara moja wauza karatasi walitualika sisi mawakala kulala katika hoteli kubwa ya Dar, ya viyoyozi na mazulia. Asubuhi, mwisho wa meza ndefu ya matunda na soseji, alisimama kijana wa rika langu, kofia nyeupe, majiko mawili ya gesi, vibakuli vya kitunguu, hoho, uyoga na jibini. Akaniuliza, "Laini au kavu, bosi?" Katika miaka miwili hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikasema laini. Akavunja mayai mbele yangu, na hilo nalo nililiandika, kwa sababu ziko hoteli kubwa duniani zinazotumia mayai ya boksi, yaliyokwisha kuvunjwa na kupashwa kiasi ili kuua vijidudu. Akatikisa, akavuta kingo, akakunja mara tatu. Haikuwa na doa hata moja la kahawia. Fani bab kubwa! Nikamuuliza anapika ngapi kwa asubuhi. "Sihesabu, kaka. Nikihesabu nitachoka."

Kasoro niliyoiona ilikuwa upande wetu wa meza. Foleni ilikuwa ya watu kumi na mbili, na kila mmoja alisema "weka kila kitu" huku akitazama simu. Kijana anauliza swali la msanii, anajibiwa kama mashine. Yeye aliwaona. Wao hawakumwona. Kama alikuwa bado anauliza ilipofika zamu yangu, ni kwa heshima yake mwenyewe.

YA BENCHI

Ilula nilikaa kwenye benchi, nyuma ya mama kuna gunia la vitunguu, mbele yake jiko la mkaa. Kamwene, kamwene. "Pilipili unakula mwanangu?" Nikasema kidogo. Mkaa hauna kitufe cha kupunguza moto, na hapo ndipo nilipoiona fani ya mtu ambaye hajapata kuona kofia nyeupe: moto ukizidi, anakinyanyua kikaango juu, anakishikilia hewani, anakirudisha. Mkono wake ndio kitufe. Kitunguu kilitangulia. Nyanya aliibinya mbegu zikaanguka chini, kuku wakazigombania. Omleti ilitoka na wekundu kidogo pembeni, katikati laini, na chai ya tangawizi. Ni ya kwanza katika daftari langu, na sioni itakayoishusha upesi.

Lakini Makambako, mama mwingine, mcheshi kuliko yule, alinipokea kama mtoto aliyerudi kutoka jeshini. Aliniuliza habari za safari, za nyumbani, za kazi. Alinitazama usoni muda wote. Na mayai yangu akayakaanga kwenye mafuta ya samaki wa jana. We acha tu. Tabasamu halisafishi mafuta. Sahani ile imenisaidia sana kama mhakiki, kwa sababu inazuia hitimisho la haraka. Kumwona mlaji ni lazima, lakini peke yake hakutoshi. Mapenzi bila ufundi ni samaki wa jana.

Nisiisahau zege, chipsi mayai, ingawa hakuna hoteli ya ghorofa iliyonipa kama kifungua kinywa. Wahispania wana tortilla yao ya viazi na mayai na wanajivunia nayo mezani kwa wageni. Sisi yetu tunaificha kwenye vibanda vya jioni, na jina tumeipa la fundi ujenzi. Halafu tazama mazingira yake: walaji wamesimama, wameliegemea kabati la vioo, wanasema "kausha hiyo", "ongeza kachumbari", "usinipe iliyoungua". Mkaanga chipsi hana mahali pa kujificha. Anahakikiwa kila siku, papo hapo, na asiyejua amehama mtaa.

SISI JE?

Hapa ndipo nilipokuwa nawaleta, waandishi wenzangu. Katika riwaya yake ya mwaka 1957, From Russia, with Love, Ian Fleming anatuambia kwamba yai la James Bond linachemshwa kwa dakika tatu na theluthi. Theluthi! Ukisoma hapo umemjua mtu: mpweke, mwenye amri, anayeogopa kitu kimponyoke. Na hadithi fupi ya Bond ya mwaka 1963 kuhusu New York ina hadi maelekezo ya kuvuruga mayai. Sisi tumelelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na kila mmoja wetu ana daftari lenye mpelelezi wake. Nimesoma miswada mingi inayozunguka katika kundi letu. Risasi zimo, hoteli za kifahari zimo, warembo ndio usiseme. Ikifika asubuhi inaandikwa hivi: "Baada ya kupata kifungua kinywa, Jerry aliondoka."

Jerry alikula nini? Nani alimpikia, saa ngapi, na je, Jerry alimwona? Kitunguu kilikuwa kibichi? Alikitoa pembeni ya sahani au alimeza akanyamaza kwa sababu hana hela ya kwenda kwingine? Sentensi ile ni omleti ya hotpoti. Imepikwa kabla msomaji hajafika, na mwandishi ameshakwenda sokoni. Tunalalamika kwamba wachapishaji hawatutaki na wasomaji hawanunui. Huenda. Lakini wengi wetu tulianza kuandika kwa ajili ya msahihishaji wa mtihani, huku maudhui, huku fani, na mtu wa kwenye basi mwenye nauli ya kurudi tu hatujawahi kumuuliza kama anataka laini au kavu. Mtu huyo akifungua kitabu akakuta mvuke umekwisha, anafunga. Ana haki.

Kwa wenye gesti nina madai matatu tu. Moja, jiko liwashwe saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya abiria wa mabasi, au bei ishushwe kwa asiyekula. Mbili, yai livunjwe mgeni akiwa ameshaketi. Tatu, kitunguu kitangulie. Hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa benki.

Kwa waandishi nina dai moja. Kila mwenye daftari la safari aongeze ile safu ya mwisho, aandike kama alimwona aliyempikia. Ukijaza kurasa kumi utakuwa na wahusika kumi ambao hukuwatunga, kila mmoja na mkono wake na kikaango chake, na utaona aibu kumwacha Jerry aondoke hivi hivi.

Kalamu naiweka chini. Wiki ijayo nina mzigo wa Njombe, ambako asubuhi baridi inauma hadi mfukoni. Utingo mmoja ameniapia kuwa karibu na stendi kuna mzee mwanamume anayepika mayai kwenye jiko la mkaa kuanzia saa kumi alfajiri, na kwamba asipokupenda hakupikii. Huyo nitamwendea.